Kiini Kilicholala Bahi

Ndugu msikilizaji, miaka kadhaa iliyopita nilisimama mbele ya meza ya mchele katika Soko la Majengo, Dodoma mjini. Nikamwamkia mama mwenye mali, "Mbukwa, mama," naye akaitika vizuri. Nikamwuliza mchele wake umetoka wapi. Badala ya kunijibu alinitazama usoni kwanza, kisha akasema, "Baba, unataka wa Bahi, au na wewe ni wale wanaoogopa?"

Nikamwuliza wanaogopa nini.

"Si hiyo mionzi. Wanasema imo ndani ya punje, kwenye kiini."

Nilinunua kilo 3 za Bahi, nikala, na hadi leo nazungumza nanyi. Hiyo si hoja ya kisayansi, najua. Lakini neno lile la mama halikunitoka kichwani, kwa sababu alikuwa ametaja, pengine bila kukusudia, neno ambalo limebeba historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kiini, kama tujuavyo, ni neno la nyumbani. Yai lina kiini, mti una kiini, mbegu ina kiini, na hata hoja ya mbunge tunaitafutia kiini chake, ingawa mara nyingine hatukioni. Wazungu wa sayansi walipohitaji jina la kitu kilichokaa katikati nao walikwenda jikoni. Walichukua neno la Kilatini, nucleus, maana yake kijikokwa, au ile nyama ya ndani ya njugu ukishaondoa ganda. Aliyelitia neno hilo nguvu katika elimu ya viumbe alikuwa Mskoti mmoja, Robert Brown, bingwa wa mimea. Mwaka 1831 aliwasomea wenzake wa chama cha Linnean huko London taarifa yake juu ya maua ya jamii ya okidi. Alisema kwamba katika kila seli ya ngozi ya jani aliona doa la mviringo, zito kidogo kuliko sehemu nyingine. Akaliita kiini. Hakujua linafanya kazi gani. Ilichukua karne nzima na zaidi kufahamu kwamba ndani ya doa lile ndimo mnamokaa maagizo ya urithi, yale yanayomfanya mtoto wa Mgogo afanane na babu yake na punje ya mtama iote mtama, isiote uwele.

Atomu ilikuja baadaye. Mwaka 1909, katika mji wa Manchester, Uingereza, mtu aliyetoka New Zealand, Ernest Rutherford, aliwaambia wasaidizi wake wawili, Hans Geiger na Ernest Marsden, wapige vijipande vidogo viitwavyo alfa kwenye karatasi nyembamba ya madini. Karibu vyote vilipenya kama mtu anayepita uwanjani penye ukungu. Lakini kimoja hivi katika kila 8,000 kilirudi nyuma, kana kwamba kimegonga ukuta. Rutherford alilifikiria jambo hilo kwa muda, na mwaka 1911 akatoa jibu: ndani ya atomu karibu kote ni patupu, na uzito karibu wote umekusanyika katika kitu kidogo mno kilichopo katikati. Mwaka uliofuata alikiita kiini, jina lile lile la Brown.

Ni kidogo kiasi gani? Chukua atomu moja ya urani, uikuze mpaka iwe na ukubwa wa Uwanja wa Jamhuri pale Dodoma, pamoja na majukwaa yake. Kiini chake kitakuwa kama punje moja ya karanga iliyowekwa katikati ya uwanja. Na punje hiyo ndiyo ina zaidi ya asilimia 99.9 ya uzito wa uwanja wote. Waliochagua neno la njugu, basi, hawakukosea sana.

Na hapa kuna jambo la kutazamwa vizuri. Zile alfa alizotumia Rutherford zilitoka katika uzao wa radiamu, na radiamu yenyewe ni uzao wa urani. Viini vya urani havina utulivu. Hubomoka kimoja kimoja, polepole sana. Kiasi chochote ulicho nacho leo, nusu yake itakuwa imebomoka baada ya miaka bilioni 4.5 hivi. Kila kinapobomoka hutupa mionzi na kugeuka kitu kingine, nacho hubomoka, hadi mwisho wa safari iwe risasi, ile ya kawaida inayotumika kwenye betri za magari. Mfaransa Henri Becquerel ndiye aliyeuona mionzi huo kwanza, mwaka 1896, pale chumvi ya urani ilipoacha alama kwenye bamba la picha lililofungwa lisione mwanga. Na Geiger, yule msaidizi wa Manchester, jina lake sasa limo katika kipimo cha mionzi kinachobebwa na watafuta madini duniani kote.

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii. Mwishoni mwa mwaka 1938, huko Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa chembe ziitwazo nyutroni, wakakuta ndani yake kitu ambacho hakikupaswa kuwamo, yaani bariamu, ambayo uzito wake ni kama nusu ya urani. Walimwandikia mwenzao wa zamani, Lise Meitner, mama wa Kiyahudi kutoka Austria aliyekuwa amekimbilia Sweden kuwaepuka Wanazi. Wakati wa Krismasi, akitembea kwenye theluji pamoja na mpwa wake Otto Frisch, Meitner alikokotoa hesabu akaona kwamba kiini cha urani kilikuwa kimejikaza katikati kama tone la maji na kukatika vipande viwili. Jambo hilo lilikuwa halina jina. Frisch aliporudi Copenhagen alimwuliza bingwa mmoja wa viumbe kutoka Marekani, William Arnold, kwamba ninyi watu wa seli, seli moja inapojigawa ikawa mbili, mnaliitaje tendo hilo? Arnold akamtajia neno lao. Frisch akalichukua, na mwanzoni mwa mwaka 1939 likachapishwa katika jarida la Nature.

Kwa hiyo mara mbili watu wa atomu walikwenda kuazima neno kwa watu wa seli. Mara ya kwanza waliazima jina la kitu, mara ya pili jina la tendo. Kiswahili, nadhani, kilikuwa na busara zaidi. Kilikubali kiini kiwe cha wote wawili, lakini vitenzi kikavitenga. Seli tunasema inagawanyika, kama ukoo unavyogawanyika na kuongezeka. Atomu tunasema inapasuka, kama chungu.

Iliyopasuka juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilikuwa na kilo 64 hivi za urani. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa Wamarekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, kwa wachimbaji ambao wengi wao walizungumza Kiswahili, na ambao hakuna aliyewaambia wanachimba nini. Mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, kabla hata Wamarekani hawajaingia vitani. Majina ya mabingwa wa Berlin, Copenhagen na Manchester yamo vitabuni. Ya wale wa Shinkolobwe hayamo.

Turudi nyumbani sasa, maana baada ya vita kila serikali ilitaka kujua kama ardhi yake nayo ina mawe ya namna hiyo. Tanganyika haikuachwa. Mwaka 1956 watafuta madini ya mionzi waliopita kwa ndege karibu na Ziwa Manyara walipata ishara kali. Waliposhuka kutazama wakakuta fosfeti yenye urani kidogo ndani yake. Ndiyo Minjingu, ambayo mbolea yake wakulima wengi wanaifahamu. Halafu baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, mataifa yenye viwanda yaligeukia umeme wa nyuklia, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ndege zikapimishwa juu ya nchi yetu karibu yote zikisoma mionzi itokayo ardhini. Dodoma, ambako idara ya jiolojia imekuwa na makao yake tangu miaka ya 1920, ndiko ramani zilikowekwa. Kampuni ya Kijerumani, Uranerzbergbau, ikafuata ikichimbua hapa na pale hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bei ikashuka, wakafunga virago.

Katika ramani hizo palionekana mahali pa ajabu kidogo, pasipo na mlima wala mgodi wa kale: mabonde ya Bahi na Manyoni.

Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa habari za mawe. Uwanda wetu wa kati umekaa juu ya matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, yale yanayojitokeza kama migongo ya tembo kila upande wa mji. Matale ya namna hiyo yana urani kidogo tu, gramu chache katika kila tani. Lakini mvua, hata hii yetu ya kubahatisha, huyasugua na kuyayeyusha miaka nenda miaka rudi. Urani hukubali kuyeyuka katika maji yenye hewa, ikatiririka pamoja nayo. Mto Bubu hushuka kutoka nyanda za Kondoa, vijito vingine navyo hushuka, na vyote huishia katika kinamasi cha Bahi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo safari inakwisha. Bahi haina mlango wa kwenda baharini. Inasimuliwa kwamba jina la Dodoma lenyewe linatokana na neno la Kigogo la kuzama, kwa ajili ya tembo aliyezama matopeni. Maji ya Bahi nayo huzama, au hupaa na jua, na kila kilichoyeyuka ndani yake hubaki. Chumvi hubaki, na watu wamekuwa wakiikusanya tangu zamani. Chokaa hubaki na kugandamana kuwa jiwe. Na katika nyufa za chokaa hiyo hubaki unga wa manjano uitwao kanotiti, wenye urani ndani yake, mita chache tu chini ya nyayo za mkulima wa mpunga. Akiba za aina hii zilipatikana Yeelirrie, Australia ya Magharibi, mwaka 1972, na nyingine iko Langer Heinrich, Namibia.

Katikati ya mwaka 2007 bei ya urani ilifikia dola 136 kwa ratili moja, na wageni wakarudi mbio. Kampuni ya Uranex ya Australia ilishika maeneo ya Manyoni na Bahi. Mantra, nayo ya Australia, ikaelekeza nguvu zake Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo. Mashine za kutoboa zikaonekana katika mashamba. Mwananchi wa Bahi aliona gari, akaona bendera ndogo zimechomekwa, akaona mashimo, akaona watu wamefunga pua na midomo. Maelezo hayakufika kwa kasi ya magari. Na pale ambapo maelezo hayakufika, uvumi huwa umekwisha kulala na kuamka. Mtu akiumwa tumbo ni urani. Samaki wakifa ni urani. Asasi za kiraia zikaanza kupiga kelele, wabunge wakauliza, wataalamu wakajibu kwa maneno ambayo nusu yake yalikuwa Kiingereza. Hatimaye uvumi ukafika Soko la Majengo, ukakaa mezani kwa mama wa mchele.

Je, mama yule aliambiwa uongo? Sikiliza vizuri, ndugu msikilizaji, maana hapa ndipo viini viwili vinapokutana. Alfa inayotoka katika urani haiwezi kupenya hata karatasi, wala ngozi ya mkono. Urani iliyolala chini ya shamba lako haikurushii mshale. Hatari huanza kitu hicho kinapoingia mwilini, kwa vumbi linalovutwa, kwa hewa ya radoni ndani ya shimo au chumba kisichopitisha hewa, au kwa maji ya kunywa. Ndani ya mwili alfa hukuta seli iko uchi, na ikipiga kiini cha seli hiyo huweza kukata nyuzi za urithi. Seli nyingi hujitengeneza au kufa. Chache hujitengeneza vibaya, na hizo ndizo baada ya miaka huweza kuwa saratani. Mmarekani Hermann Muller alikwisha kuthibitisha mwaka 1927, kwa nzi wa matunda waliopigwa eksirei, kwamba mionzi hubadili urithi. Katika maji ya kunywa, hata hivyo, kinachotangulia kuumizwa na urani ni figo, kwa sababu urani ni madini mazito yenye sumu yake mbali na mionzi. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2011 limeweka kiwango cha mikrogramu 30 katika lita moja. Kwa hiyo swali lililostahili kuulizwa tangu mwanzo lilikuwa juu ya kisima, na mchele ukafuata nyuma yake.

Wala mtu asidhani nasema mionzi ni adui tu. Nguvu ile ile ya kukata nyuzi ndani ya kiini imetufaa. Kule Unguja, kuanzia mwaka 1994, ndege zilimwaga mamilioni ya mbung'o madume waliofugwa Tanga na kupigwa mionzi, ili viini vya mbegu zao visiweze kuzaa. Majike wakapandwa bure. Mwaka 1996 mbung'o wa mwisho wa kisiwa kile alionekana, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa huru. Na wagonjwa wangapi wa saratani wametibiwa kwa mionzi pale Ocean Road, Dar es Salaam! Lakini Unguja kila kitu kilipimwa kabla, mbung'o wakahesabiwa kabla, na ndiyo maana tunaweza kusema leo kwamba wamekwisha.

Uwanda wa kati una kumbukumbu nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta kulima karanga, bila takwimu za kutosha za mvua na bila kuufahamu udongo, ambao kiangazi uligeuka saruji. Januari 1951 waliuacha mradi, wakiwa wamepoteza zaidi ya pauni milioni 36. Karanga ikishindwa, ardhi inarudi kuwa malisho ya ng'ombe. Urani si karanga.

Mgodi wa urani huchukua urani na kuacha vilivyobaki, na katika vilivyobaki hivyo, yaani tope la kiwandani, hubaki asilimia 85 hivi ya mionzi ya mawe ya mwanzo. Humo imo radiamu, ambayo nusu yake huchukua miaka 1,600 kwisha, na thoriamu, ambayo nusu yake huchukua miaka 75,000. Kwingineko tope hilo likivuja linaweza kuchukuliwa na mto, na huo ni ubaya wa namna yake. Bahi hakuna mto unaotoka. Sababu ile ile iliyoikusanya urani katika bonde lile kwa maelfu ya miaka ndiyo ingelikusanya tope, katika maji yale yale ya samaki, chumvi na mpunga. Sijasikia afisa yeyote akiwaeleza watu wa Bahi jambo hili moja kwa maneno mepesi, na mimi naona hilo ndilo la kwanza walilostahili kuambiwa, kabla ya habari za ajira na barabara.

Tarehe 11 Machi 2011 bahari iliufunika mtambo wa Fukushima, Japani, na bei ya urani ikaanza kuporomoka. Mwishoni mwa mwaka 2016 ilikuwa chini ya dola 20. Uranex ilibadili jina mwaka 2014 ikawa Magnis, ikageukia kinywe cha Nachu, Ruangwa. Mashimo ya Bahi yakafukiwa na mvua na kwato za ng'ombe. Wengi wakadhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Januari 2024 bei ilivuka tena dola 100. Mwaka 2025 mtambo wa majaribio ulizinduliwa kule Namtumbo, katika mradi wa Mto Mkuju ambao sasa uko mikononi mwa Warusi. Atakayefungua ramani za Dodoma ataziona Bahi na Manyoni zikiwa pale pale zilipoachwa. Tuna sheria ya mwaka 2003 iliyounda Tume ya Nguvu za Atomu, tuna kanuni za mwaka 2010 za madini ya mionzi, tuna wataalamu waliosoma. Kinachotakiwa kabla gari la kwanza halijarudi si kikubwa: chupa ya maji kutoka kila kisima cha kila kijiji cha bonde lile, masika na kiangazi, ipimwe, na namba yake ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, pamoja na tarehe na jina la aliyepima. Siku mgodi ukija, kama utakuja, mzee wa Bahi awe na namba ya kulinganisha. Na mama wa Majengo awe na kitu cha kumwonyesha mteja wake zaidi ya kumtazama usoni.